Umelegea, Siyo Amelegea

Siku niliyompokonya mganga wetu kalamu ilikuwa Alhamisi, siku ya kliniki ya watoto, na benchi lilikuwa limejaa mpaka akina mama wengine wamekaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimembeba Paskalina mgongoni. Ana miaka minne, siyo mtoto wa kubebwa tena, lakini mguu wake wa kulia ulikuwa bado haujamkubali vizuri na njia ya kwetu ina mawe. Mkono wa kulia ulining'inia nje ya kitenge kama wa mtu aliyelala. Zamu yetu ilipofika niliingia, nikakaa kwenye kile kiti cha mbao. Yeye alikuwa ameinamia daftari, anapiga mstari kwa rula chini ya jina la mgonjwa aliyetoka.

"Neno moja, mama," akasema.

"Umelegea," nikasema.

"Amelegea," akanisahihisha, na kalamu ikaanza kuandika.

Hakuinua macho. Miezi mitano nyuma nilikaa kwenye kiti kile kile na mtoto huyu huyu, nikasema neno hilo hilo, akanisahihisha hivyo hivyo. Sikupanga kufanya kitu. Nilishtukia tu kalamu iko kwangu, na kwenye daftari lake safi kuna mchirizi wa wino toka ukingo hadi ukingo.

"Nipe kalamu yangu," akasema kwa upole, halafu ndipo akainua uso. Akaniona. Akauona na mkono.

Nilimwambia mbele ya wote waliokuwa mlangoni kwamba leo sisemi neno moja, na kwamba yaliyobaki nitayaandika na kuyapeleka kwa wakubwa wake. Mama mmoja nyuma yangu akasema huyu kachanganyikiwa, mtoeni. Hakuna aliyenitoa. Niliiweka kalamu mezani, nikatoka mwenyewe, na dawa ya mtoto sikuichukua siku ile.

Barua niliiandika. Lakini barua ya malalamiko inamweleza mtu kwa kosa lake tu, nami mtu huyu nimemjua tangu nikiwa sina meno ya mbele. Ukisoma barua peke yake utafikiri ni mtu mbaya. Natamani angekuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu.

Kijijini kwetu hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mfawidhi. Mganga mfawidhi ni yule anayesimamia zahanati, hata kama anajisimamia mwenyewe na nesi mmoja, lakini sisi tulikua tukidhani ndilo jina alilobatiziwa. Nikiwa darasa la tatu mwalimu alituuliza nani anajua maana ya mfawidhi. Rafiki yangu akanyoosha mkono akasema ni mtu mwenye baiskeli. Darasa zima tukakubali kwamba amepata.

Kwao ni wapi sijui, na sikuwahi kuuliza. Wazee wanasema alipoletwa kwetu tayari alikuwa na mvi mbili tatu, akitokea Sale, huko Ngorongoro ya mbali, ambako alikaa miaka mingi. Mimi nilimkuta yupo, kama nilivyoukuta ukungu wa asubuhi unaoshuka toka upande wa kreta.

Alikuwa msafi kupita kiasi. Udongo wetu mwekundu mnaujua, kiangazi ni vumbi na masika ni gundi, lakini viatu vyake vyeusi viling'aa asubuhi na viling'aa jioni. Kwenye droo ya meza yake kulikuwa na kitambaa cha viatu kando ya dawa za macho. Mistari ya daftari lake la wagonjwa aliipiga kwa rula hata foleni ikiwa imefika kwenye mti wa mgunga nje. Akina mama wakinung'unika alisema daftari chafu linaua, kwa sababu kesho hutajua jana ulimpa nani nini. Nilikuja kugundua kwamba daftari safi nalo linaweza.

Mikono yake ndiyo tuliyoipenda. Asubuhi kwetu ni baridi, na yeye alikuja na chupa ya chai ya kijani iliyobonyea ubavuni. Kabla hajamgusa mtoto aliikumbatia chupa kwa viganja viwili, akasubiri, ndipo akagusa. Alisema mikono baridi inamliza mtoto na inamdanganya mganga. Halafu kulikuwa na mchezo. Kila mtoto aliyeingia, awe na kikohozi, awe na kidonda, Mfawidhi alimpa vidole vyake viwili vya shahada, kimoja mkono huu na kimoja mkono ule, akasema, "Nibane, simba." Wewe unabana kwa nguvu zako zote. Yeye anajifanya anaumia, anakunja uso. Halafu anasema, "Haya, nipige teke." Hakuna mtu mzima mwingine aliyeturuhusu kumpiga teke. Nakumbuka niliwahi kudanganya kwamba naumwa tumbo ili nikambane Mfawidhi vidole. Alinibana na mimi pua, akanirudisha shule.

Mdogo wangu alizaliwa mikononi mwake, masika, gari la wagonjwa likiwa limekwama bondeni. Mfawidhi alikuja kwa miguu, viatu amevivua na kuvifunga shingoni kwa kamba zake, na alipomaliza kazi mama anasema kitu cha kwanza alichoomba ni maji ya kunawa miguu ili avae viatu. Mgonjwa wa kifua kikuu akikosa dawa siku mbili, alimfuata mpaka shambani kwake, hata kama ni mbali, upande wa Buger, akasimama kwenye mahindi mpaka ameze. Alikataa kuku. Alikataa asali. Ukimletea mkungu wa ndizi, aliugawa kwenye benchi mbele ya macho yako.

Na alikuwa mkali. Mama aliyechelewa kuleta mtoto alisemwa mpaka akalia. "Mnaniletea maiti mnaniambia mgonjwa," alikuwa anasema. Wale waliopitia kwanza kwa mganga wa kienyeji kwa sababu ya degedege aliwauliza kama wamemwona huyo ndege. Degedege siyo ndege, ni homa, alisema, na homa dawa yake ipo kwenye kabati, ufunguo wa kabati huu hapa shingoni. Kweli aliuvaa shingoni, kama wengine wanavyovaa rozari. Kwa hiyo sisi tuliosoma tulijivuna naye. Tulijua ukiwahi, umepona. Mimi niliwahi. Hilo naomba mlishike mpaka mwisho.

Sasa nije kwenye Kiswahili.

Kwetu Kiswahili tunakikuta shuleni. Nyumbani ni Kiiraqw, sokoni ni mchanganyiko, na ngeli zinatushinda. Mtu anasema mguu yake, tumbo anauma, mkono amevimba, na tunaelewana. Mfawidhi alikuwa hawezi kuvumilia. Nilishamsikia akimwambia mzee mmoja wa jirani, aako, kama tunavyowaita babu zetu, kwamba siyo tumbo anauma, ni tumbo linauma. Yule aako akajibu, "Wewe unajua linauma, mimi ndiyo nasikia anauma." Benchi zima lilicheka, Mfawidhi naye akacheka mpaka akatoa miwani. Lakini aliandika linauma. Alisahihisha kwa mapenzi, kama mwalimu, na mimi niliyepata C ya Kiswahili kidato cha nne nilifurahi kila aliponisikia nikisema sawa, akatikisa kichwa kukubali.

Pamoja na hilo kulikuwa na sheria ya neno moja. Sikuwahi kujua ilitoka wapi mpaka juzi. Ukikaa tu kwenye kiti, kabla hujasalimia vizuri: "Neno moja, mama." Homa. Kuhara. Kikohozi. Ukianza kueleza kwamba juzi mtoto alikula kwa shangazi yake, anainua kalamu juu kama askari wa barabarani anavyoinua mkono. Foleni ilikuwa ndefu, watu wameongezeka, lodge za watalii zimeleta wafanyakazi toka kila mkoa, na yeye ni mmoja. Tulizoea. Tukiwa kwenye benchi tulikuwa tunafanya mazoezi. Mama anamuuliza mwenzake, wewe neno lako nini? Tulijifunza kuukata ugonjwa mpaka ubaki neno moja, na tuliona ni ujanja.

Na kadiri foleni ilivyorefuka, vile vidole viwili viliacha kutolewa. Sikuona vikiondoka. Ni kama jino la utotoni, unashtuka tu halipo. Paskalina hakuwahi kupewa vidole hata siku moja.

Sasa siku yenyewe.

Wiki mbili kabla, sikio la Paskalina lilitoa usaha. Lilikauka, likatoka tena. Halafu ikaja homa, akalalamika kichwa, hataki mwanga wa dirishani, shingo anaigeuza na mwili mzima. Asubuhi ya pili nilimpa kikombe cha uji. Kikombe kikaanguka. Nikampa tena, kikaanguka tena, na niliona kabisa kwamba vidole havikukishika. Mkono wa kushoto ulikuja kuusaidia wa kulia, kama mtu anayemwinua mlevi. Nilimfunga mgongoni, nikakimbia. Baba yake alikuwa safarini, anapika kwenye kambi za watalii, simu haipatikani.

Njiani nikawa natafuta neno langu. Homa? Hata jana ilikuwa homa. Kichwa? Hapana. Kitu kilichonitisha ni mkono, kwa hiyo nikachagua neno la mkono. Ningeweza kusema mkono umelegea, lakini hayo ni maneno mawili. Mimi ni msomi, nikasema ngeli itabeba. U ni ya mkono. Atasikia U, atauliza ni nini kimelegea.

"Neno moja, mama."

"Umelegea."

"Amelegea, mama," akasema akiandika. "Mtoto ni A. Na wewe umefika kidato cha nne."

Waliokuwa mlangoni wakacheka kidogo. Mimi nikaona aibu. Hilo ndilo nililolifanya siku mwanangu anakufa upande mmoja wa mwili: nikaona aibu ya ngeli. Nilifungua mdomo kusema mkono, kalamu ikainuka juu, nikafunga. Mtoto aliyelegea, mwenye homa, kwetu ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Nesi akamtoboa kidole, kipimo kikasema hakuna malaria. Mfawidhi akasema basi ni homa ya virusi pamoja na lile sikio, akaandika dawa ya maji ya homa na dawa ya sikio, akasema apewe uji na maji mengi, kesho turudi. Nikampa dawa kwa kijiko pale pale kwenye benchi. Akapaliwa, akakohoa mpaka akabadilika rangi. Nikasema tu taratibu mama, taratibu. Nikarudi nyumbani nikiwa nimetulia. Mfawidhi kasema.

Saa nane mchana mdomo ulivutwa upande mmoja na mguu nao ukakataa. Nilirudi mbio. Mfawidhi alikuwa kwenye kikao ofisi ya kata. Nesi, binti mgeni hata hajamaliza mwaka, alimtazama mara moja tu akasema huyu siyo wa hapa, akaandika rufaa. Gari la wagonjwa lilikuwa mbali. Tulisimamisha gari la watalii lililokuwa linatoka kreta. Dereva hakuuliza swali, aliwaambia wageni wake kwa Kiingereza, wakasogea, mama mmoja wa kizungu akampakata miguu.

Hospitalini Karatu mjini alitupokea daktari mwanamke, kijana kama mimi. Alimwinua Paskalina mikono yote miwili juu, akaiachia. Wa kushoto ukashuka polepole. Wa kulia ukaanguka kama kuni. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza siku nzima: mara ya mwisho kumwona anautumia mkono huu vizuri ilikuwa lini? Nikaongea. Nilieleza kikombe, nikaeleza sikio, shingo, mwanga wa dirisha. Alisikiliza huku mikono yake inafanya kazi. Wakampima sukari kidoleni, wakamwekea hewa puani, wakatafuta mshipa, na sindano ya kuua wadudu ikaingia hapo hapo. Nikauliza kama hawasubiri majibu ya vipimo. Akasema ugonjwa huu unachoma sindano kwanza, majibu yanakukuta njiani. Akakataza mtoto asipewe kitu mdomoni, hata maji ya kijiko, mpaka wajue kama anameza vizuri, maana kinaweza kwenda mapafuni. Nikakumbuka kile kijiko cha kwenye benchi.

Alinieleza akiwa amechuchumaa, siyo amesimama. Wadudu wa sikio wamepita ndani, wamefika kwenye utando wa ubongo, hiyo ni homa ya uti wa mgongo. Mishipa ya damu inayopita humo imevimba, mmoja umeziba, na sehemu ya ubongo imekosa damu. "Hiki ni kiharusi, dada," akasema.

Nilimwambia kiharusi ni cha wazee. Babu yangu alikufa nacho. Akasema watu wengi wanasema hivyo, hata wenye makoti meupe, ndiyo maana watoto wanachelewa.

Picha ya kichwa ilipigwa Arusha kesho yake, ikasema alivyosema. Tulikaa wodini wiki nyingi, sindano kila siku, degedege likaja mara mbili likazuiwa kwa dawa, mtoto wa kitanda cha jirani aliondoka na shuka limemfunika uso. Wangu alibaki. Siku ya kutoka nilimuuliza yule daktari swali lililokuwa linanila: sindano ingeanza asubuhi, mkono ungebaki? Hakunidanganya. Alisema hawezi kuahidi. Alisema kuna watoto wanaowahi sana na bado wanapoteza. "Lakini yale masaa yalikuwa ya mtoto," akasema, "na hakuyapata."

Nilirudi kijijini nikiwa na mtoto anayeburuta mguu na anayesema maneno machache kuliko aliyokuwa nayo akiwa na miaka miwili. Watu walikuja na pole zao. Nilipoanza kusema habari ya kuandika barua, pole zilipungua. Mama mkwe alisema kwa uwazi kwamba sisi tuna zahanati kwa sababu ya mtu mmoja. Kabla yake ilikuwa na kufuli, mbuzi wakilala barazani. "Mumtoe, halafu mjifungulie kwenye mbuzi," akasema. Mama yangu mzazi alinikumbusha ni mikono ya nani ilimpokea mdogo wangu. Mwanamke mmoja kisimani aliniita mshitaki wa mzazi. Na wote walikuwa wanasema kweli, ndiyo maana nilikaa kimya mpaka miezi mitano ikatimia, nikienda kuchukua dawa za degedege kwa nesi tu, siku ambazo Mfawidhi hayupo. Mpaka ile Alhamisi, nesi akiwa likizo.

Barua niliiandika usiku ule ule kwa mwandiko wa mtihani. Ila barua ya serikali ina njia yake. Ukiandika kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kuhusu zahanati, karani wa kata ataitazama atakwambia haina K.K., yaani Kupitia Kwa. Lazima ipite kwa mfawidhi, aisome, aweke maoni na mhuri. Yaani malalamiko juu ya mtu yanapita mkononi mwa mtu huyo huyo. Karani alisema wengi wakifika hapo wanaghairi. Alisema hivyo kama mtu anayenipa ushauri mzuri.

Nilikwenda Jumatatu saa tisa, wagonjwa wameisha. Paskalina alitembea mwenyewe kutoka getini, akishika kidole changu. Mfawidhi alikuwa anafuta viatu. Alinikaribisha, na hakusema "neno moja, mama". Nikaweka barua mezani.

Aliisoma yote. Sijawahi kumwona akisoma kitu cha mtu mwingine kwa muda mrefu hivyo. Nilikuwa nasubiri asahihishe ngeli, na nilishaapa akigusa hata koma moja nitapiga kelele. Alichukua kalamu. Akaiweka juu ya mstari wa pili.

"Umeandika ulifika saa nne," akasema. "Hukufika saa nne. Ulifika saa mbili na nusu, ulikuwa wa tatu. Saa nne ndiyo uliyotoka. Badilisha, andika saa mbili na nusu."

Saa mbili na nusu ilifanya kosa lake kuwa refu zaidi. Alijua. Nilibadilisha, yeye akanishikia karatasi isiteleze.

Halafu akaikumbatia ile chupa ya chai ya kijani kwa viganja vyake viwili. Akasubiri. Akamgeukia Paskalina, akamnyooshea vidole viwili, kimoja huku na kimoja kule.

"Nibane, simba."

Paskalina alinitazama, nikamwambia mbane. Mkono wa kushoto ukabana mpaka kucha zikawa nyeupe. Wa kulia ulikilalia kidole cha Mfawidhi, umekifunika tu, kama majani. Hakukunja uso kujifanya anaumia.

"Ule haukuwa mchezo, binti yangu," akasema akinitazama mimi. "Nilikuwa napima pande mbili. Mguu vile vile."

Ndipo akaniambia habari ya Sale. Alipopelekwa kule hakujua lugha ya watu wala wao hawakujua yake. Mgonjwa alikuja na neno moja la Kiswahili, labda kichwa, labda damu, na yeye ilimbidi autafute ugonjwa wote uliobaki kwa macho na mikono. Alisema hajawahi kuwa mganga mzuri kama miaka ile. Alipokuja kwetu akakuta tunaongea, foleni inasubiri, akalichukua lile neno moja akaja nalo. "Mikono nikaiacha huko," akasema.

Labda alitegemea nimwonee huruma. Kidogo nilimwonea, na hilo liliniongezea hasira. Nikamuuliza kitu kimoja tu: ile sindano ya hospitali, ya kuua wadudu, siku ile asubuhi hapa ilikuwepo?

Alishika ufunguo ulio shingoni.

"Ilikuwepo," akasema.

Nikaliongeza hilo kwenye barua mbele yake, naye akaandika maoni yake chini, akavuta kidau cha mhuri. Nikaondoka na nakala yangu, na hii hapa, kama ilivyopokelewa wilayani.

*

Mganga Mkuu wa Wilaya,
K.K. Mganga Mfawidhi wa Zahanati.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUCHELEWESHWA KWA MTOTO WANGU MWENYE KIHARUSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa Paskalina, miaka minne. Nilimfikisha zahanati saa mbili na nusu asubuhi akiwa na homa, shingo ngumu, sikio linalotoa usaha, na mkono wa kulia umelegea. Nasema umelegea. Mganga Mfawidhi aliandika amelegea. Daftari lipo, naomba likaguliwe.

Hakuniuliza ni nini kimelegea. Hakutoa rufaa. Sindano ya kuua wadudu ilikuwepo kabatini, amekiri mwenyewe. Mtoto alipewa dawa ya kunywa, akapaliwa. Aliifikia sindano ile ile hospitalini saa kumi na moja jioni. Sasa mkono wake wa kulia haushiki kitu na maneno yamempungua. Daktari hakuahidi kwamba kuwahi kungemponya, nami sitasema uongo kwamba aliahidi. Ninalalamika kwa sababu niliwahi, na kuwahi kwangu kulitupwa.

Siombi ahamishwe. Kumhamisha ni kupeleka daftari hilo hilo kijiji kingine. Naomba ajibu kwa maandishi. Naomba aletwe tabibu wa pili, kwa sababu mtu mmoja kwa foleni ile atatafuta neno moja hata akiwa mwema. Naomba ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili cha herufi kubwa, kwamba watoto nao wanapata kiharusi; kwamba mtoto mwenye homa akilegea upande mmoja, mdomo ukivutwa, au akiacha kusema, asipewe kitu mdomoni, achomwe sindano ya kwanza, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Naomba maneno ya mama yaandikwe kama alivyoyasema, hata kama ngeli ni mbovu.

Nasubiri majibu yenu kwa barua.

Mama Paskalina

Maoni ya Mganga Mfawidhi:
Naipitisha. Yaliyoandikwa ni kweli, na saa nimeisahihisha mimi. Niongeze moja ambalo mama hakuliandika kwa kuwa alidhani ni mchezo. Siku ile sikumpa mtoto vidole.